Mawimbi Ndani ya Beseni

Beseni la maji lilikuwa linasinzia. Huo ndio ukweli wenyewe, ingawa mpimaji alipouona aliufumbia macho, kama tunavyoyafumbia macho mambo mengi yanayotukuta tukiwa na njaa.

Kazi yake ilikuwa kupima mawimbi ya ubongo katika hospitali kubwa. Aliwapaka wagonjwa gundi kichwani, akawabandika nyaya ishirini na moja, akavuta pazia, kisha akakaa kitini kusikiliza kalamu za mashine zikikwaruza karatasi. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, ya kalamu na wino, lakini aliipenda. Kwa miaka kumi na minne ilikuwa imemfundisha kusoma mawimbi kama wewe unavyosoma mwandiko wa mtu unayemjua. Yale ya haraka ni ya mtu aliye macho. Yale mazito na mapana ni ya mtu aliyelala fofofo. Katikati yapo yanayoitwa theta, manne hadi saba kwa sekunde, ya mtu anayesinzia, ambaye hayupo wala hajaondoka. Hapo ndipo watu huona nyuso wakiwa wamefumba macho, husikia wakiitwa, hukumbuka mambo waliyodhani yamekwisha kufa. Kwa watoto, theta huonekana hata mtoto akiwa macho kabisa, na si ugonjwa.

Sheria ya chumba kile alikuwa ameiandika mwenyewe na kuibandika ukutani: MWAMSHE KWANZA, NDIPO UMVUE NYAYA. Mgonjwa aamshwe, aulizwe jina, aulizwe ni siku gani, ndipo kichwa chake kiguswe. Mwanafunzi aliyeisahau sheria hiyo alifokewa mpaka watu wa korido nzima wakamhurumia.

Siku hiyo mgonjwa wa mwisho kabla ya chakula cha mchana alikuwa mchimba visima, pande la mtu, aliyeshikwa mikono na kaka zake wawili. Mwaka mzima, walieleza, alikuwa hajalala na hajaamka. Alikula akilishwa, alitembea akivutwa. Yalimpata adhuhuri moja akiwa chini kisimani, alipokaa kupumzika na usingizi ukamnyemelea.

Aliketi dakika arobaini macho wazi, na kalamu zikachora theta tupu, sita kwa sekunde, hakuna wimbi lililolizidi jingine. Mpimaji akatazama saa. Tumbo lilikuwa linanguruma. Akamvua nyaya vilevile alivyokuwa, akazitumbukiza kwenye beseni la maji, na hata mashine hakuizima. Haraka haraka haina baraka, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wenzake hivyo kila siku.

Kalamu zilipaswa kurukaruka ovyo, kisha zitulie. Hazikutulia. Ziliendelea, kwaru, kwaru, kwaru, sita kwa sekunde, na nyaya zote zimo majini. Harufu ya tope bichi ikajaa chumbani, tope la mahali ambapo jua halijawahi kufika. Akajiambia ni umeme wa ukutani tu unaoingilia, ilhali alijua fika kwamba umeme wa ukutani huchora mistari iliyosongamana ya mara hamsini kwa sekunde. Akachomoa waya wa mashine.

Nyuma yake mchimba visima alipiga chafya. "Saa ngapi sasa?" akauliza.

Kaka zake walilia kwa furaha. Wakamshika mpimaji mikono, wakamwita mwokozi wa ndugu yao. Naye, badala ya kusema kwamba yeye hupima tu wala hatibu mtu, akacheka na kuzipokea sifa zote, kisha akaenda kula. Maji ya beseni hakuyamwaga.

Saa nane binti yake akaja kutoka shule. Alikuwa kitinda mimba, mwenye miaka tisa, na nyumba nzima ilimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Aliingia akiwa katikati ya hadithi.

"Mama, leo mwalimu kakalia chaki, suruali yote nyeupe nyuma, na hakuna aliyemwambia, halafu akaenda hivyohivyo kwa mwalimu mkuu, halafu..."

"Halafu wewe unakaa hapa unanisaidia," mama yake akasema. Jumatatu wanafunzi walikuwa wanakuja, naye alihitaji karatasi ya mtoto mzima wa afya ya kuwaonyesha. Akazitoa nyaya kwenye beseni lilelile, akazifuta, akambandika mwanawe.

Redio alisimulia habari za chaki mpaka pazia likavutwa, na hata baada ya hapo kidogo. Kisha kope zake zikalegea. Kalamu zikachora theta safi, ya mpangilio, na mama akaitazama kwa majivuno.

"Mama," mtoto akanong'ona, macho nusu wazi. "Kuna mtu anauliza, akae?"

Mpimaji akatabasamu. Wanaosinzia huropoka mengi. "Mwambie karibu," akasema. "Mgeni hafukuzwi."

Jioni hiyo Redio hakusema kitu. Alikula, akaosha sahani yake, akakaa. "Leo betri zimekwisha," mama yake akatania, na kusema kweli alifurahia ule utulivu, kwani mume wake, dereva wa malori, alikuwa safarini na nyumba ilikuwa imemwelemea. Asubuhi ya pili alimkuta mtoto jikoni amezamisha mkono kwenye ndoo hadi kiwikoni, macho wazi, na uso wa maji ukitetemeka vijiduara vidogo vidogo visivyokoma.

"Redio, unafanya nini?"

Mtoto alimgeukia taratibu. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka wamewahi kukutana wapi, na jikoni kulikuwa kunanuka tope.

Mchana mwalimu akapiga simu. "Mama Redio, samahani sana," alisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa. "Anakaa tu. Nimepitisha mkono mbele ya macho yake, hapepesi. Halafu anagonga dawati kwa kucha. Wenzake wamehama, wanasema ukikaa karibu naye unasinzia, na ukisinzia unasikia unaulizwa kitu."

Jioni mpimaji alikaa mbele ya mwanawe na saa mkononi, akazihesabu kucha zikigonga meza. Zilikuwa sita kwa sekunde. Kidole cha mtoto hakiwezi kwenda hivyo.

Akaichukua ile karatasi, akaipeleka kwa daktari wa ubongo, kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Daktari aliipitia mara mbili. "Ana miaka tisa," alisema kwa upole. "Theta kwa mtoto ni kawaida. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha." Alisema kweli. Jini akitafuta pa kujificha, atapata wapi pazuri kuliko pale ambapo kila mtaalamu akimwona anasema ni kawaida?

Lakini mpimaji aliujua mwandiko. Alirudi chumbani kwake, akaiweka karatasi ya Redio juu ya ile ya mchimba visima, akaziinua dirishani penye mwanga. Mawimbi ya watoto hupanda na kushuka, huyumba kama wanavyoyumba wenyewe. Haya yalilaliana mstari kwa mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. Akakaa sakafuni.

Alimpata mchimba visima kwenye kiwanja cha ujenzi, ameketi juu ya lundo la udongo, akiwaelekeza vijana waliokuwa chini. Yeye mwenyewe hakuwa akishuka tena. Alipomwona mpimaji alisimama kwa heshima, kisha akautazama uso wake na tabasamu lake likafutika.

"Dada," alinong'ona, "ulimtoa mtu kichwani mwangu. Ulimweka wapi?"

Mpimaji akaanza kulia.

"Ni mtoto?"

"Ni mwanangu. Nilimwambia karibu. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu."

Mchimba visima akafumba macho. "Basi hatoki kwa kufukuzwa. Mimi nilisomewa, nikafukizwa, nikachapwa, akawa anacheka tu. Siku ile ulinivua nyaya ningali nasinzia. Mlango ulikuwa wazi na maji yapo karibu, akatoka. Jaribu hivyohivyo. Ila kumbuka, maji kwake ni njia tu. Nyumba yake ni kichwa. Na lolote atakalokwambia, dada, usimwamini."

Siku ya nne, adhuhuri, alimfungia Redio pamoja naye katika chumba cha kupimia. Alikuwa amelisugua beseni na kulijaza maji mapya. Kwa siku mbili hakuwa amelala hata lepe, kwa kumchunga mtoto. Akambandika nyaya, akavuta pazia, akawasha mashine, na kalamu zikaanza kukwaruza hata kabla hajakaa.

Akaanza kuzivua, moja moja, akizitumbukiza majini, mtoto akiwa amekodoa macho yasiyomwona mtu. Alipofika ya kumi, mdomo wa Redio ukafunguka.

"Ndani ya maji nimekwisha kukaa," ulisema taratibu, kwa sauti ya mtoto yuleyule aliyekuwa akisimulia habari za chaki. "Nipe kichwa."

"Toka kwa mwanangu," mama akanong'ona.

"Niende wapi? Ulinikaribisha."

Na hapo kalamu zikaanza kupungua mwendo. Sita kwa sekunde zikawa tano, tano zikawa nne, mawimbi yakipanuka na kuwa mazito, na mpimaji, ambaye kwa miaka kumi na minne alikuwa ameyatazama mawimbi yakishuka hivyo bila moyo kumdunda, sasa aliyaona kama anavyoona mzazi kamba inayomtoka mkononi na mwanawe yuko mwisho wa kamba ile, kwani chini ya theta kuna usingizi mzito, na chini ya usingizi mzito kuna mahali ambapo kalamu huchora mstari mmoja ulionyooka, na pumzi za Redio zilikuwa zinachelewa, moja, kisha kimya, kisha nyingine, na midomo yake ilikuwa inageuka rangi, na sauti ile ndogo ilikuwa inasema bila haraka, "Nikimshusha naye, hapandi tena," na harufu ya tope ilikuwa imejaa chumba kizima.

Hakufikiri. Angefikiri, angekumbuka maneno ya mchimba visima. Alizitoa nyaya majini na zilizobaki akazibandua kichwani mwa mtoto, akazichomeka katika nywele zake mwenyewe, gundi ikimtiririka shingoni.

"Njoo kwangu," alisema. "Mtoto mwache. Njoo kwangu."

Akafumba macho. Mtu aliyekesha siku mbili hahitaji kubembelezwa. Lepe lilimjia mara moja, na ndani ya lepe hilo, karibu sana, mtu aliuliza kwa adabu, "Nikae?"

"Kaa."

Kalamu zikaruka, zikatua: sita kwa sekunde. Ndipo alipoisikia sauti ile ikicheka, si sikioni bali nyuma ya macho, mahali ambapo hapana mlango wa kufunga. "Ndiko nilikokuwa nakwenda tangu mwanzo," ilimwambia. "Mtoto ana kichwa kimoja. Wewe kila siku unashika vichwa kumi, na wote wanasinzia."

Redio alipiga chafya.

"Mama, saa ngapi? Nina njaa. Nimeota niko kisimani, mama, nawaita hamnisikii, halafu mwalimu akapita juu na suruali yake ya chaki, halafu... Mama, mbona umejibandika nyaya?"

Mpimaji alitaka kumkumbatia, alitaka kulia kwa furaha, maana mwanawe alikuwa amerudi mzima na mdomo wake wote. Alitaka pia kumwambia akimbie akamwite daktari, aje na watu, wakipige kufuli chumba hiki wasikifungue tena. Mikono ikapanda yenyewe. Ikazivua nyaya moja baada ya nyingine, kwa ustadi uleule wa miaka kumi na minne, ikazilaza majini. Kidole kimoja kilikuwa kinagonga ukingo wa beseni.

Mlango ukabishwa hodi. Alikuwa mgonjwa wa saa nane, mtoto mchanga mwenye kifafa, mgongoni kwa mama kijana aliyesubiri miezi miwili kupata zamu. Mguu wa mpimaji ukapiga hatua, mkono wake ukafungua. Moyoni alikuwa anapiga mayowe: rudi nyumbani, dada, rudi na mwanao.

"Karibu," mdomo wake ukasema. "Ingia tu."

Mama kijana alisita kizingitini. Alinusa hewa, akazitazama zile nyaya, akamshika mwanawe vizuri zaidi. Ni Redio aliyemtoa wasiwasi. Redio alikuwa na maneno ya siku nne tumboni, na alimpenda mama yake kuliko kitu chochote.

"Usiogope, shangazi," akamwambia, akimvuta mkono aingie. "Haiumi hata kidogo. Mama yangu ana mikono mizuri, amenitibu sasa hivi."

Mwanamke akacheka, akamfungua mtoto mgongoni, akampakata kitini. Mtoto alikuwa anasinzia tayari. Mpimaji akavuta pazia, akaingiza mkono kwenye beseni.