Sauti Iliyobakizwa

Kompyuta ile haikuwa na spika. Ziliharibika zamani na fundi akazing'oa kwa mkono wake mwenyewe, kwa hiyo ilipokohoa alidhani kuna mtu mlangoni, akaitikia "karibu" bila hata kugeuka.

Hakukuwa na mtu. Kwenye kioo yaliendelea kusomeka maandishi yale yale, kwamba mfumo mpya unaingia na asizime mashine.

Alikuwa fundi wa vifaa vya kusikia, vile vidude vinavyokaa nyuma ya sikio, na ofisi yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake. Vifaa vipya vilitaka programu mpya. Programu mpya nayo ikaukataa mfumo wa zamani, kama mgeni anayechagua kitanda cha kulalia, basi asubuhi hiyo akaamua kuubadilisha mfumo mzima. Kabla ya kuanza, mashine ilimuuliza: ifute kila kitu, au ibakize vya zamani? Akabonyeza ibakize. Nani angefuta? Humo mlikuwa na vipimo vya wateja wake wote, na mlikuwa na sauti yake. Zamani alijirekodi akitamka maneno ya kupimia masikio, ambayo mteja huketi ndani ya kibanda cha kuzuia kelele na kuyarudia neno moja moja: mama, maji, njoo, kaa, mlango, yule, toka.

Haraka yote ile ilikuwa kwa ajili ya mama. Masikio yake yalikuwa yamezimika taratibu, mwaka hadi mwaka, mpaka mtu na mwanawe wakawa wanaongea kwa mikono na kwa kupayuka, majirani wakidhani wanagombana. Ndugu zake wote walishaondoka. Yeye, kitindamimba, ndiye aliyebaki naye. Siku moja mama alimwambia kwamba amesahau sauti ya mwanawe ilivyo. Aliyasema hayo huku akipepeta mchele, kama jambo dogo tu, na fundi akaingia chumbani kwake akalia.

Mfumo ulipokamilika, feni ya kompyuta ikatoa harufu ya udongo mbichi uliotoka kuchimbwa. Fundi akafungua dirisha. Nje jua lilikuwa kali na ardhi kavu.

Mteja wa kwanza alikuwa maalimu wa mtaa, mzee aliyewasomea watu waliopandwa na majini na ambaye masikio yake yalikuwa mabovu kupita ya mama. Fundi akamrekebishia vifaa vyake kwa programu mpya.

"Unanisikia, maalimu?"

Mzee akatabasamu. "Mpaka sisimizi nawasikia, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Akaondoka akicheka peke yake njiani. Ndipo ikafika zamu ya mama.

Akamweka ndani ya kibanda, akamvalisha vifaa vipya, akampa kitufe cha kubonyeza kila atakaposikia mlio, kisha akafunga mlango na kurudi kwenye kompyuta. Taa ya kitufe ikawaka. Ikazimika, ikawaka tena. Fundi aliangalia mikono yake mwenyewe: ilikuwa mapajani, hajapiga mlio wowote.

Akafungua mlango. "Mama, bado sijaanza."

Mama alikuwa analia kwa furaha. "Nakusikia, mwanangu. Ndiyo sauti yako. Umeniambia mama, umeniambia maji, umeniambia njoo. Ngoja nikuletee hayo maji."

Fundi alifurahi, asingekuwa binadamu kama asingefurahi. Alijisemea kwamba labda rekodi za zamani zimejipiga zenyewe. Mama akarudi na glasi, akampita fundi aliyesimama amenyoosha mkono, akaiweka mbele ya kiti cha wateja kilichokuwa kitupu.

"Kunywa taratibu," akakiambia kiti.

"Mama, niko hapa."

Hakugeuka. Fundi akarudia kwa sauti kubwa, kisha kwa sauti ambayo zamani ingemfikia hata bila kifaa, na mama akaendelea kukikodolea macho kiti kile, akitikisa kichwa, akisema ndiyo mwanangu, kweli mwanangu, hata mimi nilikukumbuka. Glasi ilikuwa imeshuka nusu.

Fundi akavivua vile vifaa masikioni mwa mama, akatoa betri. Mama akaendelea kuongea. Akakimbilia kompyuta kuurudisha mfumo wa zamani, nayo ikamjibu kwa adabu zote kwamba njia ya kurudi haipo tena. Akachomoa waya ukutani. Kioo kikafa kama kioo chochote kinavyokufa, na nyuma yake akamsikia mama akicheka, kicheko cha mtu anayesimuliwa kisa kizuri, kisichokatika hata kwa kuvuta pumzi.

Kisha mama akanyanyuka. "Mwanangu kasema tumwite maalimu," akasema. "Kasema humu ndani kuna kitu."

Fundi hakujiuliza nani kasema. Alihisi nafuu, akakaa sakafuni mama alipotoka kwenda kumwita, akamsubiri maalimu kama mtoto anavyomsubiri mzazi. Maalimu aje, asome, hili jambo liishe.

Maalimu akaja na tasbihi yake. Aliposimama mlangoni, fundi akamkimbilia.

"Shikamoo, maalimu. Afadhali umekuja."

Mzee hakuitikia. Alikigeukia kiti kitupu. "Marahaba, mwanangu," akakiambia. "Haya, nionyeshe kiko wapi."

Akainamisha kichwa upande wa kile kifaa kilichorekebishwa asubuhi. Kisha taratibu akamgeukia fundi, na uso wake ukakaza.

"Maalimu, ni mimi," fundi akasema. "Huyo siye. Vua hivyo vifaa, nakuomba."

"Kinachezesha mdomo," mama akanong'ona nyuma ya mgongo wa mzee, amemshika kanzu. "Kinachezesha mdomo na hakitoi sauti. Sura kimechukua ya mwanangu."

"Usikiangalie machoni, mama," maalimu akasema.

Fundi akanyakua karatasi mezani, akaandika haraka: MAMA, NI MIMI MWANAO. Akaiinua. Maalimu akaisoma, akaipokea kwa ncha za vidole, akaikunja.

"Kuandika majini wanajua," akasema kwa upole. "Sauti ndiyo hawana. Mimi na mama yako tumeisikia sauti yako, fundi, tulia hapo hapo ulipo." Hayo aliyasema kwa kiti.

Akaanza kusoma. Fundi alitaka kucheka, kwa sababu yeye ni mtu, ana mifupa, ana njaa, na kisomo cha kumtoa jini kingemfanya nini mtu aliyezaliwa kwenye chumba cha pili cha nyumba ile ile. Lakini mguu wake wa kushoto ukarudi nyuma bila yeye kuuamuru, kisha wa kulia, na kila alipofungua kinywa kumwita mama alihisi koo limejaa udongo mbichi, na macho ya mama, yale macho yaliyokuwa yakimfuata nyumba nzima tangu utotoni kwa kuwa masikio hayakuweza, yalimtazama kwa woga mtupu, naye fundi akirudi nyuma, akirudi, akijishika kwenye fremu ya mlango mpaka vidole vikaachia kimoja kimoja.

Jua la mchana likampiga usoni. Mlango ukafungwa, komeo likaingia.

Aligonga. Aliita mpaka kifua kikauma, na mpita njia mmoja akageuka kumwangalia, kwa hiyo sauti alikuwa nayo. Alikuwa nayo kwa kila mtu mwingine. Akaweka sikio kwenye ubao wa mlango.

Ndani mama alikuwa anashukuru. "Mungu mkubwa, maalimu. Kimetoka?"

"Kimetoka, mama. Ila msikifungulie kikigonga."

Kisha kwa mara ya kwanza fundi akaisikia. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya kwenye rekodi, changa kidogo, ikitamka vizuri neno moja moja.

"Kaa, mama," ikasema. "Mimi siondoki."