Paraboli ya Mama Henriette

Kila siku akitoka shuleni, Marlène alivua sare, akala bukari, ugali wa kwao, kwa matembele, kisha akaketi mezani kumsaidia baba yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na mwandiko mzuri. Baba yake, Evariste, alikuwa karani kiwandani mpaka mishahara ilipokoma. Sasa aliwashauri wachuuzi wa mtaa wa Kikula: waandike vipi maombi yao ya leseni, wanunue bidhaa gani, waache zipi.

Mwaka huo wa 1998, mfanyabiashara wa Lubumbashi aitwaye Gaston alimletea kazi nyingine. Gaston aliuza paraboli, zile antena zenye umbo la sahani kubwa, pamoja na huduma ya televisheni ya kulipiwa kila mwezi. Kwa kila mteja wake ambaye angejiunga, Evariste angepata komisheni. Marlène alifurahi sana, kwa maana feza zake za masomo zilikuwa bado hazijapatikana.

Jumamosi moja baba alishikwa na homa. Akampa Marlène karatasi za maelezo azipeleke kwa Mama Henriette, mjane mwenye mkahawa karibu na soko.

"Umuachie asome tu," baba alisema. "Nikipona nitaenda kuongea naye."

Mama Henriette alizitazama kwa hamu picha za mpira kwenye zile karatasi. Kisha akauliza, "Na umeme, mutoto? Hapa kwetu unakatika kila mara."

Marlène aliwaza daftari mpya, akawaza rafiki zake darasani.

"Baba alisema hapa itafanya kazi vizuri," akajibu. "Wateja watajaa, mama!"

Kwa kuwa alimwamini Evariste, Mama Henriette alimkabidhi Marlène feza alizoweka za kununulia unga, akatia sahihi kwenye fomu iliyokuwa pamoja na zile karatasi.

Nyumbani, baba aliisoma ile fomu akiwa amejifunika blanketi.

"Ajabu. Upande ule wa soko unakaa gizani siku nne kwa juma. Hakuuliza juu ya umeme?"

"Aliuliza."

"Ukamujibu nini?"

Marlène aliinamisha kichwa. "Nilisema weye ulisema itafanya kazi."

Baba hakufoka. Alivaa viatu, jasho la homa likimtoka. "Twende. Utamwambia kwa kinywa chako."

Mkahawani watu walikuwa wakila. Marlène akasema mbele yao: "Mama Henriette, baba hakusema vile. Ni miye niliongeza. Umeme ukikatika, paraboli haiwezi kufanya kazi. Tena, ukijiunga, sisi tunapata komisheni."

"Hii ni feza ya unga!" Mama Henriette alisema kwa uchungu. "Ningelisha watu picha?"

Evariste akamrudishia zote, akaomba msamaha. Mama Henriette alizipokea, akarudi kwenye sufuria zake. Njiani Marlène alilia. Muhula mpya ulipoanza, alikaa nyumbani majuma mawili kwa kukosa feza za masomo, mpaka baba alipolipwa kwa kazi ya kuandika barua.

Mwezi uliofuata, Mama Henriette alibisha hodi, akiwa na Kazadi, mwenye baa upande wa Kakontwe.

"Kazadi anataka paraboli," alisema. "Nimemuleta kwa muntu atakayemwambia hata lile asilopenda kusikia."

Evariste alimweleza Kazadi yote: malipo ya kila mwezi, mafuta ambayo jenereta yake ingekunywa, hata komisheni yenyewe. Kazadi aliomba siku mbili za kufikiri. Siku ya tatu akarudi, akajiunga.

Jioni hiyo Marlène aliuliza, "Baba, na kama asingerudi?"

"Tungekosa komisheni, basi. Muntu akikuomba shauri, mwanangu, ameazima macho yako. Ukiona shimo, umuonyeshe, hata kama weye utapata faida akitumbukia. Siku ile ulisema uongo kwa jina langu, kisha ukasema kweli mbele ya watu wote. Kusema kweli kulikuwa kugumu zaidi, na ndiyo kazi yetu."

Marlène alivuta kiti karibu, akaanza kunakili fomu ya Kazadi.