Matundu Kumi na Mawili

Jumanne, Julai 14, 1992, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mashua tatu za klabu ya makasia zilikutwa zimezama katika Ziwa Singidani, kila moja kwenye nguzo yake, hatua hamsini kutoka gatini. Kufika saa moja, wanachama walikuwa wameshampasua mdomo Mzee Alute, mlinzi wao wa miaka kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa anaulizia petroli.

Hapo ndipo alipofika Sajini Dorkas. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Atakayemgusa tena namlaza ndani," alisema. "Kefa, nipeleke kwenye mashua."

Kefa, nahodha aliyevuliwa cheo wiki iliyopita, alimkalisha nyuma ya mashua ndogo akashika makasia. Njia nzima alimkodolea macho ya chuki. Walipokaribia nguzo ilibidi Dorkas ndiye amwambie asimame. Maji yalikuwa mafupi. Kila mashua ilikuwa na matundu manne yaliyotobolewa kwa keekee.

"Keekee imekutwa kwenye sanduku la Alute, na katibu alimwona nayo jana jioni," Kefa alifoka. "Unangoja nini?"

"Wewe jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwaya, Mandewa, saa kumi mpaka saa moja. Kaulize."

Dorkas aliuliza. Kwaya nzima ilikuwa imemwona.

Alute alijibu huku akifuta damu. "Keekee inakaa stoo, afande. Funguo ni mbili, wangu na wa katibu. Mimi jana nilishinda kwangu Mwankoko na homa, peke yangu."

Ushahidi wa namna hiyo haumtoi mtu jela, na Dorkas alilijua hilo vizuri.

Ofisini alimkuta Chrispin, katibu mpya, siku yake ya kumi kazini. Ukutani ilitundikwa barua ya kiwanja: klabu itashika ufuko maadamu ina mashua zinazoelea. Mezani palikuwa na mchoro wa nyumba ya wageni.

"Jana saa kumi na moja na nusu nilikuwa narudi kutoka ng'ambo na mashua ndogo, napiga makasia mwenyewe," Chrispin alieleza. "Nikamwona Alute kapiga magoti ndani ya mashua, keekee mkononi. Nikadhani anatengeneza. Tangu katikati ya ziwa sikumtoa machoni mpaka nafika gatini."

"Hukugeuka hata kidogo?"

"Nigeuke niangalie nini? Alikuwa mbele yangu."

Saa nne Dorkas aliwakusanya wote gatini. "Katibu, nipeleke pale ulipokuwa ulipomwona Alute."

Chrispin aliingia kwenye mashua ndogo kwa madaha, akakaa akiangalia ziwa, akavuta makasia. Mashua ikarudi nyuma, ikagonga gati. Akavuta tena kwa nguvu, ikagonga tena. Mtu akacheka.

"Mwenye mtumbwi na kafi ndiye huangalia mbele," Dorkas alisema. "Kasia linavutwa, na mvutaji huyapa mgongo aendako. Ndiyo maana Kefa alinikodolea mimi asubuhi, wala hakuziona nguzo. Ungekuwa unarudi gatini jana, ungeona ng'ambo, si Alute. Hujapiga kasia hata siku moja, Chrispin. Lakini ufunguo wa stoo yenye keekee unao, maji ni mafupi hata kwa mtu wa miguu, na mchoro wa nyumba ya wageni unao. Mashua zikizama, kiwanja kinakuwa wazi."

"Ni mbao tu!" Chrispin alipayuka. "Biashara imeruhusiwa, mwenzangu ana mabati tayari, na ninyi mmekalia ufuko mzima kwa ajili ya mbao! Nchi inakwenda mbele!"

"Inakwenda. Ila wewe hata mashua hujui inakwendaje." Akamfunga pingu, na hasira aliyokuwa ameimeza tangu asubuhi ikamtoka kwa namna alivyozibana.

Kefa alimsogelea mlinzi. "Mzee Alute, tusamehe."

Alute alitema damu. "Sijasamehe. Vueni viatu, muingie majini. Mtaziinua mashua kwa mikono hiyohiyo mliyonipigia."

Kefa alikuwa wa kwanza kuinama kufungua kamba za viatu.