Tangi Nyuma ya Viti

Kila asubuhi Mama Mapacha aliapa kwamba leo hatapiga kelele. Na kila asubuhi, kabla chai haijapoa, alikuwa ameshapiga.

"Baba Mapacha! Nani ameweka ndoo ya sabuni kwenye kiti changu?"

"Ni mimi, mke wangu. Palikuwa wazi."

"Kiti cha dereva ni mahali pa kuweka ndoo?"

"Ulikuwa hujakaa."

Mama Mapacha alifumba macho. Akavuta pumzi. Akaitoa ndoo mwenyewe.

Mke na mume hawa walifanya kazi ya kusafisha vioo vya madirisha. Walisafisha shule, zahanati na ofisi za ghorofa mbili tatu. Mume alishika fimbo ndefu yenye brashi na mpira wa maji, akasugua vioo vya juu akiwa amesimama chini. Mke alifuta vioo vya chini na kuzungumza na wateja. Pia yeye ndiye aliyeendesha gari, kwa sababu mumewe alikuwa amefeli mtihani wa udereva mara tatu. Mara ya nne alikataa kwenda. Alisema mtahini ana kinyongo naye.

Gari lao lilikuwa dogo, la mizigo. Mbele lilikuwa na viti viwili. Nyuma palikuwa wazi, hakuna ukuta wa kutenga viti na mizigo. Huko nyuma lilikaa tangi kubwa la plastiki la lita mia sita. Kulikuwa na pampu, betri, ngazi na fimbo. Mpira wa maji ulilala popote, umejikunja kama utumbo. Dawa za kusafishia zilikuwa kwenye chupa za soda. Kila kona ikipigwa, kila kitu kiligongana na mwenzake.

Tangi lilikuwa limefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo.

"Kamba hii nina wasiwasi nayo," mke alisema, kama alivyosema jana na juzi.

"Kamba hii imebeba mablanketi yaliyolowa," mume alijibu. "Haina tatizo lolote."

Mapacha wao walikuwa wasichana wa darasa la tatu. Kila siku walipanda nyuma, wakakaa sakafuni kati ya tangi na viti, migongo yao ikiegemea tangi. Walipapenda sana mahali pale. Maji yalipocheza ndani, walisema tangi linacheka.

Siku moja waliwashusha mapacha kwenye lango la shule kama kawaida, wakaendelea na safari. Hawakufika mbali. Walipopita maduka, mkokoteni wa matofali ulichomoza ghafla kutoka kichochoroni.

Mama Mapacha alikanyaga breki kwa nguvu zake zote.

Gari lilitii. Tangi halikutii. Kamba ilikatika kwa mlio kama wa kofi. Tangi likateleza mbele na kuvigonga viti vyote viwili. Kiti cha mume kikalala mbele, kikambana kwenye dashibodi. Fimbo moja ikapita katikati ya vichwa vyao na kupasua kioo cha mbele. Gari lilisogea tena kidogo, likaugusa mkokoteni, ndipo likasimama.

Mwenye mkokoteni alikuwa ameinua mikono yote miwili juu.

"Mama," alisema, "nimekukosea nini?"

Mama Mapacha aliachia usukani. Alimgeukia mumewe.

"Umeumia?"

"Sijui," mume alisema kwa sauti ya mtu aliyekaliwa kifuani. "Hebu kwanza nitoe hapa."

Lakini tangi lililojaa halisukumwi kwa mikono. Mke alijaribu, mwenye mkokoteni akasaidia, na wapita njia wawili wakaongezeka. Tangi halikusogea. Ikabidi wafungue bomba, maji yote yakamwagika barabarani. Watu walisimama kutazama. Mmoja akalalamika kwamba maji safi yanapotea bure. Mama Mapacha akamtazama kwa jicho ambalo lilimfanya akumbuke kwamba ana haraka.

Tangi lilipokuwa tupu walilivuta nyuma, na mume akatoka akiwa ameshika bega. Mke akachungulia ndani. Akaona alama ambayo tangi liliacha kwenye migongo ya viti. Kabla hawajalivuta, kati ya tangi na viti hapakuwa na nafasi hata ya kuingiza mkono.

Akamwita mumewe. "Baba Mapacha, watoto wangekuwa pale."

Mume alitazama. Aliokota kipande cha kamba iliyokatika, akakitia mfukoni.

Zahanati walimwambia hakuvunjika mfupa, bega limeumia tu. Kesho yake akapumzika. Kesho kutwa yake, mke alikuwa jikoni aliposikia mlio wa drili uani. Akatoka mbio. Mume alikuwa amepiga magoti ndani ya gari, kule nyuma, drili ya kuazima mkononi.

"Unafanya nini tena?"

"Natoboa sakafu. Tangi nalifunga kwa bolti. Safari hii litatulia mpaka lijute."

"Wewe umewahi kufunga tangi?"

"Tundu ni tundu, mke wangu."

"Zima hiyo drili!"

Sauti hiyo haikuwa ya mke. Ilitoka ng'ambo ya ua, kwa jirani yao. Jirani huyo alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Watu walimwita Mama King'ora, kwa sababu hata nyumbani alizungumza kama mtu anayeomba apishwe njia. Alikuwa ametoka kazini, sare bado mwilini. Alikuja moja kwa moja, akalala chali chini ya gari bila kujali vumbi.

"Shemeji, njoo ulale hapa."

Mume alishuka, akalala kando yake.

"Unaona bomba hili jembamba? Linapeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu. Na hili hapa ni tangi la petroli. Drili yako ilikuwa inashuka juu ya lipi kati ya haya mawili?"

Mume alitazama bomba, akatazama tangi. "La petroli," alisema.

Mama Mapacha aliketi kwenye ngazi ya mlango. Hakujua acheke au alie.

Mama King'ora aliinuka, akajipangusa, akachungulia ndani ya gari. Akasonya.

"Kwenye gari langu la kazi, hata mkasi una mahali pake," alisema. "Kila kitu kimefungwa. Unajua kwa nini? Gari likisimama ghafla, kitu ambacho hakikufungwa hakina habari. Chenyewe kinaendelea na safari. Chupa inakuwa jiwe. Fimbo inakuwa mkuki. Na maji ni mazito, shemeji. Lita moja ni kilo moja. Tangi lenu ni la lita ngapi?"

"Mia sita."

"Basi nyuma ya viti vyenu mlikuwa mmepakia dume la ng'ombe, mkalifunga kwa kamba ya nguo."

"Mwambie!" mke alidakia. "Mwambie, dada! Mimi nimesema kuhusu kamba hiyo mpaka nimechoka!"

Lakini Mama King'ora alikuwa hajamaliza. Alifungua mlango wa dereva, akasugua kibati kidogo chenye vumbi kwenye fremu ya mlango. Kilikuwa na namba. Mama Mapacha alikuwa ameingia na kutoka kwenye mlango ule kila siku bila kukisoma.

"Hapa wameandika uzito wa juu kabisa wa gari likiwa limepakiwa," jirani alisema. "Ukitoa uzito wa gari lenyewe, zinabaki kama kilo mia saba. Humo mmo ninyi wawili, ngazi, pampu, betri, ndoo na watoto. Halafu maji kilo mia sita. Mmezidisha. Gari lililozidishiwa mzigo linachelewa kusimama. Nani alichagua tangi kubwa namna hii?"

Mume aliitazama drili yake kwa makini sana, kama aliyeona kitu kipya juu yake.

"Mimi," Mama Mapacha alisema. "Sikutaka tujaze maji mara mbili kwa siku."

Alitamani kumkasirikia mtu. Aliyebaki wa kukasirikiwa alikuwa yeye mwenyewe, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

"Basi tutakuwa tunajaza nusu," alisema haraka.

"Nusu nayo ina balaa lake. Maji yakipata nafasi yanakimbia. Ukipiga kona yanakimbilia upande mmoja, na gari linataka kuyafuata. Chukua tangi dogo, fupi, lenye kuta ndani zenye matundu. Kuta zile zinayapunguzia maji mbio."

Kisha akaokota chupa moja ya soda iliyokuwa imejaa maji ya rangi ya machungwa.

"Hii ni ya kunywa?"

"Ni dawa," mume alisema. "Ya kutoa madoa ya chokaa kwenye vioo."

"Asidi, kwenye chupa ya soda. Kwenye gari ambalo watoto wanapanda."

Mume aliichukua chupa mkononi mwa jirani polepole, akakusanya na nyingine zote.

Siku iliyofuata walipeleka gari kwa fundi anayetengeneza mabodi ya magari ya mizigo. Fundi alikuwa hodari, lakini hakuwa na haraka. Wateja walipiga simu. Shule iliuliza, ofisi ziliuliza. Mama Mapacha alijibu kila simu kwa upole, kisha akakata na kuuma meno. Mumewe hakumsaidia. Alimfuata fundi kila alikokwenda.

"Fundi, kwa nini usitoboe hapa?"

"Kwa sababu hapa ni bati tupu. Bati jembamba linachanika. Bolti zinapita mpaka kwenye vyuma vya chasisi, mifupa ya gari, na chini naweka mabamba mapana."

"Na kamba? Mkanda mzuri hautoshi?"

"Mkanda ni wa kushika ndoo. Tangi linataka fremu ya chuma."

"Na tangi tukiliweka nyuma kabisa, karibu na mlango? Ni rahisi kujaza."

"Gari litakuwa jepesi mbele, usukani hautashika vizuri. Litakaa hapa katikati, mbele ya magurudumu ya nyuma, limeegemea ukuta."

"Ukuta gani?"

"Ukuta wa chuma ninaoujenga nyuma ya viti vyenu. Baba, naomba ukae kwenye kile kiti pale."

"Kipi?"

"Kile cha mbali."

Gari liliporudi nyumbani, Mama Mapacha alilizunguka mara kadhaa akitafuta kosa. Kioo cha mbele kilikuwa kipya, viti vimenyooshwa. Tangi jipya lilikuwa la lita mia tatu, limekaa ndani ya fremu yake. Aliisukuma kwa bega, haikutikisika. Fimbo zilikuwa juu ya paa, ndani ya mabomba yenye vifuniko. Ngazi ilikuwa kando yake, imefungwa mbele na nyuma. Mpira wa maji ulizungushwa kwenye gurudumu lake. Betri ya pampu ilikuwa kwenye sanduku, fyuzi karibu yake, na nyaya zilipita ndani ya bomba ili zisisuguliwe wala kulowa. Karibu na mlango palikuwa na mtungi wa kuzimia moto. Dawa zilinunuliwa upya, kwenye chupa zao zenye lebo, ndani ya sanduku lenye kifuniko. Zile za chupa za soda walizirudisha kwa muuzaji, naye akaelekeza zinakomwagwa salama.

Mama King'ora alikuja kukagua. Alivuta hiki, akatikisa kile.

"Sawa," alisema mwishowe. "Na mapacha?"

"Watakwenda shule kwa miguu na watoto wa majirani," mama yao alisema. "Nyuma hapandi mtu tena."

Mapacha walilalamika wiki nzima. Mmoja alisema miguu inauma. Mwingine alisema baba aliahidi kuwapeleka kwa gari. Mama Mapacha alisikiliza yote, na kwa mara ya kwanza kelele za watoto wake hazikumchosha.

Kazi ilibadilika kidogo. Sasa walijaza maji mchana kwa mteja, wakati wa kula. Jioni walimwaga yaliyobaki kwenye bustani za wateja, wakarudi na tangi tupu. Kila asubuhi mume alivuta na kutikisa kila kitu kabla gari halijawashwa. Mama Mapacha alikuwa amedhani hilo litamfurahisha. Lakini mumewe, kama kawaida yake, alipitiliza. Alitikisa mara mbili. Alirudi kutikisa tena. Akaanza kuchungulia magari ya watu wengine, na kila aliyesimama karibu naye alipewa somo la bolti na mabamba.

"Tutachelewa, Baba Mapacha!"

"Nakuja. Nahakikisha ndoo."

"Ndoo umeihakikisha!"

"Ile nyingine."

Siku moja walikuwa wanateremka mlima, tangi limejaa. Lori lililokuwa mbele likasimama bila ishara. Mama Mapacha akakanyaga breki. Gari likasimama palepale, limenyooka. Wakainamisha vichwa, wakisubiri kishindo.

"Umesikia?" mume aliuliza.

"Sijasikia kitu."

"Na mimi pia."

Chini ya mlima taa zilikuwa nyekundu. Kando yao, mbele kidogo, lilisimama gari jingine la kusafisha vioo, dogo kama lao. Mlango wake wa nyuma ulikuwa umefungwa nusu kwa waya. Ndani lilionekana pipa kubwa la maji, limefungwa kamba. Bibi mmoja mzee, labda mama wa dereva, alikuwa ameketi juu ya ndoo, kati ya pipa na viti.

Mume alikuwa ameshateremsha kioo.

"Ndugu yangu!" aliita. "Habari za kazi? Samahani, hilo pipa lako..."

Taa zikawa kijani. Nyuma yao honi zikaanza kulia. Mteja alikuwa anawasubiri, na walikuwa wamechelewa tayari kwa sababu ya ndoo. Mama Mapacha alifungua mdomo apige kelele.

Akamwona yule bibi, mgongo wake umeegemea pipa.

Akampungia mkono yule dereva amfuate, akasogeza gari pembeni mwa barabara, akazima injini. Gari lile likaja kusimama nyuma yao.

"Shuka, ukamweleze," alimwambia mumewe. "Usiruke kitu. Muda tunao."