Chupa Iliyokuwa Chafu Kuliko Zote

Kila siku baada ya shule, Bi Usafi alipitia kazini kwa shangazi yake ili warudi nyumbani pamoja. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake, kwa sababu hakuweza kuona vumbi akalinyamazia. Alifuta madawati, alifuta ubao hata usio na maandishi, na wenzake walisema kwamba hata chura angempiga mswaki, kama chura angetulia. Mwenyewe hakuona vibaya. Kusifiwa kwa usafi kulimpendeza kuliko peremende.

Shangazi yake alikuwa mtafiti wa bahari. Chumba chake cha kazi kilikuwa na sinki, hadubini moja na meza ndefu. Siku hiyo mezani palikuwa na chupa zilizopangwa mstari, zimeletwa na meli asubuhi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeitwa mkutanoni, sitakawia. Fanya kazi zako za shule, na usiguse kitu."

Bi Usafi alifungua daftari la hesabu, lakini macho hayakutulia. Karibu chupa zote zilikuwa na utando mwembamba wa tope chini. Moja, ya katikati, ilijaa tope la kijani kufikia nusu. Aliitazama, akageuka, akaitazama tena. "Hii moja tu," alijisemea. "Shangazi atafurahi." Akavaa glavu za mpira, akaimwaga sinkini, akaisugua kwa brashi mpaka ikang'aa.

Alipoirudisha ndipo alipoliona tangazo ukutani: SAMPULI ZA KILINDINI. ZISIMWAGWE.

Aligeukia sinki. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yameshaingia bombani. Aliogopa kugombezwa, lakini zaidi aliogopa kwamba hataruhusiwa tena kuingia chumba kile. Akatoka mbio mpaka ufukweni, nyuma ya jengo, akachota tope na maji, akaijaza chupa kufikia pale pale. Kwa macho, ungesema ni ile ile.

Shangazi alirudi amechangamka. "Njoo uone kilichoniweka roho juu mwaka mzima," alisema, akadondosha tone kutoka chupa ya kwanza.

Katika hadubini Bi Usafi aliona vitu kama visanduku vya kioo. Vingine vilikuwa duara, vingine vimeungana kama shanga. Vyote vilitulia tuli.

"Hizo ni diatomu," Shangazi alieleza. "Ni mwani mdogo mno, huelea juu ya bahari kwenye mwanga. Kaboni inayotoka kwenye magari na viwanda, sehemu yake huingia majini, nazo huitumia kujijengea mwili. Gamba lao ni kama kioo, zito. Zikifa, baadhi huzama mpaka kilindini, na kaboni huzama nazo. Ikifika huko inaweza kukaa mamia ya miaka bila kurudi hewani."

"Na hizi chupa?"

"Zilikuwa kwenye mtego tuliouzamisha, wenye mdomo mpana kama wa faneli. Kila mwezi chupa moja ilikinga kinachodondoka kutoka juu. Sasa hii ya katikati ndiyo mboni ya jicho langu. Mwezi ule diatomu zilistawi ajabu. Nataka kujua zilishusha kaboni kiasi gani." Akadondosha tone jingine, akachukua kalamu. "Tazama wewe kwanza. Niambie unaona nini, mimi niandike."

Bi Usafi aliinama. Aliona chembe za mchanga, na kati yake vijiti vya rangi ya dhahabu vikiteleza taratibu, vikienda mbele na kurudi nyuma. Angeweza kusema, "Visanduku vya kioo, vimetulia," na Shangazi angeandika, maana alimwamini. Kuaminiwa huko ndiko kulikomchoma.

"Vinatembea," alisema.

Kalamu ilisimama. "Vilivyokufa havitembei, mwanangu."

"Nimeiosha ile chupa, Shangazi. Hili ni tope la ufukweni. Nisamehe."

Uso ulimshuka Shangazi. Alikasirika, wala hakuficha. "Si nilikwambia usiguse kitu?" Kisha akauliza, "Ulimwaga wapi?"

"Sinkini."

"Kuna mtu ametumia sinki baada yako?"

"Hakuna."

Shangazi aliweka ndoo chini ya sinki, akachukua spana, akafungua kona ya bomba. Tope la kijani likadondoka ndooni. Kwa uzito wake, sehemu yake ilikuwa imezama na kukaa pale kwenye kona.

"Kupima kaboni hakuwezekani tena," alisema, "nyingine imekwenda na maji. Ila aina za diatomu zilizozama mwezi ule bado tutazijua." Kisha akalitupa nje tope la ufukweni, akaisuuza chupa na kuandika kwenye lebo yake: Ilimwagwa. Imeokolewa bombani. Haikupimwa.

"Kila mtu atasoma hivyo?"

"Kila mtu. Pengo lililoandikwa kuwa ni pengo halimpotezi mtu. Tope lako la ufukweni lingenidanganya mimi na wote watakaotegemea kazi yangu. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na ni kweli. Lakini umesema leo, ndiyo maana tope limezoleka. Ungengoja kesho, tungekuta bomba tupu. Kosa lisemwe mapema, mwanangu, wakati bado kuna cha kuokoa. Haya, shika ndoo, tulirudishe chupani."

Bi Usafi aliishika kwa mikono miwili. Tope lilimrukia kwenye sketi ya shule, na kwa mara ya kwanza hakulifuta.