Flashi Katika Pindo la Kanga

Nyumbani kwa Nikolao na Scholastika, pale Newala, kulikuwa na kompyuta mbili na printa moja. Kompyuta ya Scholastika ilikaa sebuleni. Ya Nikolao ilikaa chumba cha nyuma, pamoja na printa. Katikati kulikuwa na hatua kumi na nne na flashi moja. Flashi hiyo ndiyo iliyokuwa tarishi wa nyumba, na Scholastika aliifunga kwenye pindo la kanga.

Kwa miezi mitatu tarishi alibeba mzigo mzito. Bibi Pili, mama yake Nikolao, alipokuwa hoi kitandani, alimsimulia Scholastika maisha yake yote. Scholastika akaandika kurasa kumi na tatu. Ili asichanganye nakala, kila alipohamisha kazi alikata, hakunakili. Kwa hiyo maisha ya Bibi Pili yalikuwa mahali pamoja tu duniani.

Bibi akafariki. Wasifu wake ungesomwa siku ya arobaini, Jumamosi. Nikolao hakutaka kuusoma mapema. Alijua kwamba alizaliwa njiani, mama yake akipanda kutoka bondeni na ndoo ya maji kichwani. Wapi hasa, hakujua. Kila alipouliza, Bibi alicheka. "Nimeshamwambia mkeo. Utasikia nikishaondoka."

Jumanne asubuhi Scholastika aliinama kuteka maji kwenye tangi la chini, lile la maji ya mvua. Pindo likafunguka. Chubwi. Flashi ikatangulia mbele ya haki bila kuacha wasia.

Waliiopoa. Ilipewa heshima zote: ilianikwa juani, ikalazwa ndani ya mchele mpaka kesho yake. Haikufunguka. Zilibaki kurasa nne tu, zilizokuwa zimechapishwa zamani ili kusahihishwa.

Nikolao hakugomba. Angegomba, ingekuwa nafuu. Aliuliza neno moja tu. "Mama Optatus, wewe uliandika. Ni wapi?"

"Ni kwenye kona," alisema Scholastika. "Ina jina la Kimakonde. Nililiandika kwa mikono hii. Silikumbuki."

Nikolao akaingia chumbani. Scholastika akabaki ukingoni mwa tangi, akiyatazama maji kana kwamba yangesoma kwa sauti.

Hapo ndipo Shamila alipomkuta. Shamila alikuwa jirani, fundi wa kompyuta aliyehamia kutoka Masasi. Aliamkia, akawapa pole kwa hali aliyowakuta nayo, akaitazama flashi na kutikisa kichwa. Kisha akauliza kwa nini kazi ilitembezwa kwa kanga wakati ndani kulikuwa na ruta, kile kifaa cha kugawa intaneti.

Nikolao alitoka kujitetea. Walikwisha kujaribu kuziunganisha, alisema, na kompyuta hazikuonana. "Na wote tuko mtandao mmoja. Laini zetu ni za kampuni moja."

"Baba Optatus, huo ni mtandao wa simu," alisema Shamila. "Mama Optatus anatumia ruta. Wewe unawasha intaneti ya simu yako. Mmejenga nyua mbili, halafu mnalaumiana kwamba hamuonani uani."

Scholastika nusura acheke. Hakuweza.

Shamila akawaonyesha. Aliunganisha kompyuta zote mbili kwenye ruta ile moja. Katika kila kompyuta alichagua kwamba huo ni mtandao wa nyumbani, si wa hadharani. Katika kompyuta ya Nikolao alitengeneza folda, akaruhusu ishirikishwe, na kuweka nywila ili mgeni asiingie. Kwenye mipangilio ya printa aliruhusu nayo ishirikishwe. Kisha akaenda sebuleni, akaiongeza printa ile kwenye kompyuta ya Scholastika.

"Na bando likiisha?" aliuliza Nikolao.

"Folda na printa havili bando. Vinapita humu ndani. Ila kompyuta yako iwe imewashwa, na printa pia." Akamgeukia Scholastika. "Folda hii bado ni mahali pamoja, mama. Kila jioni nakili kazi kwenye kompyuta yako. Nakili. Usikate."

Scholastika alibonyeza. Kule chumba cha nyuma printa ikakohoa, ikatoa karatasi. Hakuna aliyetembea hatua hata moja. Ilikuwa kazi nzuri sana, na ilikuwa imechelewa siku moja.

Siku mbili zilizofuata waliandika upya, yeye sebuleni, mumewe chumbani, kila mmoja na faili lake katika folda moja. Walipata kurasa tisa. Waliuliza wazee wa Kitangari, wakauliza Mkunya. Wengi waliijua njia ya bondeni. Kona zilikuwa nyingi, kila mzee na yake, na hakuna aliyejua ni ipi.

Kwenye ukurasa wa tano, Nikolao aliandika: "Alinizaa njiani, kwenye kona ya," kisha akaacha nafasi. Akaifuta nafasi ile. Akairudisha.

Jumamosi asubuhi Scholastika alinakili kazi yote kwenye kompyuta yake, ndipo akaituma kwenye printa. Printa ilifanya kazi bila kosa. Ilichapa nakala arobaini, na katika kila moja ile nafasi tupu ilitoka safi kabisa.