Sauti Iliyokuwa Chini ya Ngurumo

Pu.

Mara moja tu, kama mtu aliyekohoa ndani ya ndoo. Lambros akafumbua macho. Sauti ilitoka chini ya sakafu, katika zizi la zamani alilolifanya karakana. Huko chini hapakuwa na kitu cha kukohoa ila pikipiki, iliyozimwa tangu mchana. Ufunguo wake ulikuwa hapa juu, umening'inia msumarini.

"Hata ikilala inapiga kelele," mkewe Argyro alinong'ona, akimziba mtoto masikio. "Kesho uinyamazishe. La sivyo hamia hukohuko, mwoane kabisa."

Asubuhi Lambros aliifungua sailensa ya pikipiki, bomba linalopunguza mlio. Kazi aliijua. Akazitoboa kwa drili ribiti zilizoshikilia kifuniko, akakivuta, akalichomoa bomba la ndani lenye matundu. Pamba ya kioo iliyolizunguka ilikuwa imeungua ikabaki majivu, ndiyo maana pikipiki ilinguruma vile. Lakini katikati ya majivu ulikuwamo msokoto wa nywele ndefu, nyeusi, zinazong'aa kana kwamba zimetoka kuchanwa.

Akazitupa nje kwa koleo. Akazungusha pamba mpya, akaikaza kwa waya, akagonga ribiti nyingine. Alipowasha, injini ilikoroma kwa upole wa paka aliyeshiba. Akatabasamu. Tabasamu halijaisha, chini ya mlio ule laini akamsikia mwanamke akiuliza taratibu, kama jirani aliyeegemea ua:

"Anaitwa nani?"

"Nani?" Lambros aliropoka.

"Mtoto. Anaitwa nani?"

Akazima. Karakana ikanuka nywele zilizoungua.

Mtoto alikuwa na siku thelathini na nane. Kila mtu alimwita Kijoka, kama wanavyoitwa wote pale kijijini kabla ya ubatizo. Jina alilochaguliwa walilijua watu watatu: baba, mama, na mama wa ubatizo. Hata bibi yake, Evdokia, mama yake Argyro, hakuambiwa.

"Sitaki kujua," Evdokia alizoea kusema. "Ila kama si langu, keki sili."

Siku ile hakutania. Tangu injini ilipozimwa, Kijoka hakulia tena, wala hakunyonya. Alilala macho wazi, uso ameuelekeza sakafuni. Evdokia akateka maji bakulini, akasoma maneno ya kuondoa kijicho, akadondosha tone la mafuta ya zeituni. Tone halikuelea. Lilizama kama jiwe.

"Hiki si kijicho," alisema. "Huyu ni mwenye kuuliza. Akilipata jina kabla ya maji ya ubatizo, mtoto ni wake. Fungeni midomo."

Lambros akampigia simu mzee Apostolis, aliyemuuzia pikipiki.

"Umeinyamazisha?" mzee aliuliza hata kabla ya salamu. "Nani alikutuma, mjinga wewe? Kijiji kizima kilinitukana miaka kumi na tisa, nikanyamaza. Unadhani niliipenda ile kelele? Ilikuwa inamfunika."

"Basi nifanyeje?"

"Mimi sikuwa na mtoto mchanga ndani," mzee akasema, akakata simu.

Lambros akashuka mbio. Akaing'oa sailensa yote, akawasha, akapiga resi mpaka mwisho. Injini ikatetemeka, bomba tupu likatema moshi, vikombe vikaruka rafuni, na hapakuwa na mlio wowote, hata kidogo, ila lile swali likizungukazunguka. Akaisukuma hadi genge lililo nyuma ya kanisa, akaiachia. Ilianguka kimya.

Padri Fotis alikuja na chetezo. Makaa yakazimika mlangoni, mara tatu. "Kesho saa tatu asubuhi tunambatiza," alisema, akikwepa macho ya Argyro. "Mkeshe. Msiseme neno."

Usiku huo ukungu ulifunga barabara. Argyro na mama yake walijifungia chumbani na mtoto aliyekuwa akipumua kama anayekopa pumzi. Lambros akabaki jikoni, mbele ya jiko la kuni, leso ameifunga mdomoni.

Saa tisa, bomba la jiko likakohoa.

"Lambros. Macho yangu."

Hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mama yake, aliyefia hospitali miaka miwili iliyopita, yeye akiwa melini, akimwahidi kwa simu kwamba anakuja, anakuja.

"Nasikia una binti," sauti ilisema, na jikoni kukajaa harufu ya sabuni yake na ya matunda aliyozoea kuyapika kwa sukari. "Hukuniletea habari. Si kitu. Niambie tu, wamempa jina la Evdokia, sivyo? Sina kinyongo. Marehemu hana mtetezi."

Lambros alitikisa kichwa, akaiuma leso. Alijua, alijua kabisa si yeye, alijua kama anavyojua mikono yake, kwamba mama yake amelala chini ya marumaru kule mlimani na kwamba hiki kilichomo bombani hakijawahi kuwa na mtoto wala kaburi. Lakini kilikuwa kimeanza kulia, kwa kwikwi ileile aliyoisikia kwenye simu ile ya mwisho, kilio cha mama anayejizuia asimtie mwanawe aibu, na kila kwikwi ilimlegeza fundo la leso mpaka akajikuta ameishika mkononi.

"Basi, nimesahauliwa," sauti ilisema. "Lala, macho yangu. Sitauliza tena."

"Lambros!" Argyro alipiga kelele kutoka chumbani. "Usijibu! Lambros!"

Akapiga magoti mbele ya jiko, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni.

"Hatukukusahau, mama," alisema. "Ni lako. Anaitwa Asimina."